Ukitaka kumjua mtu, cheza naye gemu

CHAKULA kilikuwa tayari mezani. Chapati zilikuwa zimeanza kupoa na mchuzi wa kuku umeanza kuganda, lakini kijana hakuwa ametokea. Mama yake alimwita mara ya kwanza, akamwita mara ya pili. Mara ya tatu ni baba mtu aliyeinuka, akaenda chumbani na kumpokonya simu.

"Baba, tafadhali! Hii haisimamishwi! Nikitoka wenzangu watauawa!"

Msomaji, kijana huyo alilia machozi ya kweli, naye ni barobaro wa miaka 16 aliye kidato cha tatu.

Siku hiyo nilikuwa mgeni nyumbani kwa kaka yangu hapa Nairobi. Nilimuuliza kijana hao wenzake ni akina nani. "Tuko wanne, shangazi," alinijibu huku akipangusa uso. "Mmoja yuko Mombasa, mwingine Nakuru, na mwingine ni msichana wa Dar es Salaam. Hatujawahi kuonana."

"Kumbe unawalilia watu usiowajua!" kaka yangu alimaka. Papo hapo akatoa hukumu: simu ingefungiwa kabatini hadi kijana amalize mtihani wa kidato cha nne.

Baadaye, tukiwa jikoni tunaosha vyombo, mke wa kaka alinigeukia. "Wifi, wewe ni mwandishi. Hebu tuchunguzie. Hizi gemu ni kitu gani hasa? Na hao watu anaocheza nao usiku kucha ni akina nani?"

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa mzazi mwingine yeyote ambaye amewahi kusimama mlangoni akimsikia mwanawe akizungumza na sauti asizozijua.

KAMA BRIKICHO NA KATI

Sisi tuliokulia mitaani tunakumbuka bano, kati na brikicho. Na ukikumbuka vizuri, utagundua kwamba watoto wote hawakuja uwanjani kutafuta kitu kimoja.

Kulikuwa na yule aliyehesabu bano zake kila jioni kama mfanyabiashara anayehesabu fedha. Kulikuwa na yule aliyependa kutafuta maficho mapya, hata mchezo ukaisha wenzake wakamsahau huko alikojificha. Kulikuwa na aliyekuja kwa sababu ya porojo tu, mpira wa kati ukimpita hana habari. Halafu, bila shaka, kulikuwa na yule ambaye raha yake ilikuwa kumpiga mwenzake mpira wa mgongo mpaka alie.

Gemu za simu na kompyuta za miaka iliyopita zilikuwa baina ya mtu na mashine. Ukichoka, unabonyeza kitufe na mashine inakungoja. Nyingi za leo huchezwa na watu wengi kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Kuna zile ambazo watu 100 hushuka kwa parachuti katika kisiwa kimoja, wengine wakiwa katika vikosi vya watu wanne wanne, na kupigana hadi kikosi kimoja kibaki. Hapo ndipo kilio cha yule kijana kinapoeleweka. Wenzako 99 hawawezi kusimama wakungoje umalize chapati.

Basi pale palipo na watu, pana tabia za watu.

CHANZO CHAKE UINGEREZA

Mwaka wa 1978, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kuandika programu ya mchezo aliouita MUD. Mwenzake, Richard Bartle, aliiendeleza. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Maneno tu ndiyo yaliyokuelezea mahali ulipo, nawe ukaandika kwa maneno unalotaka kufanya: kwenda kaskazini, kuokota upanga, kumsalimu mwenzako, au kumuua. Kufikia mwaka wa 1980 watu walio nje ya chuo waliweza kuufikia kupitia mtandao wa awali wa Marekani, ARPANET.

Baada ya muda, wachezaji wakongwe walianza kubishana. Kuanzia Novemba 1989 hadi Mei 1990 walijadiliana kuhusu swali moja lililoonekana jepesi: watu wanataka nini katika mchezo huu? Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila mmoja aliona jibu la mwenzake ni la kipuzi.

Bartle aliyasoma majibu hayo yote akatambua kwamba wabishi walikuwa sahihi, ila kila mmoja alijieleza nafsi yake. Mwaka wa 1996 alichapisha makala yaliyowagawa wachezaji katika makundi manne, akayafananisha na karata. Makala hayo yangali yakisomwa na watengenezaji wa gemu hadi leo.

KARATA NNE

Kundi la kwanza ni URU. Hawa ni watafutaji wa mafanikio. Wanataka pointi, vyeo na mali, na wakimaliza ngazi moja wanaulizia ya pili. Kwao uru ni almasi, yaani hazina. Kama mwanao anakuambia kila siku amefika daraja gani, basi umemjua.

Kundi la pili ni SHUPAZA. Kwa Kiingereza karata hii ina jina moja na sepetu, na kazi ya watu hawa ni kuchimbua. Wanataka kujua ng'ambo ya mlima kuna nini, mlango uliofungwa unafunguliwa vipi, na mchezo wenyewe umeundwa namna gani. Wanaweza kupitisha saa nzima bila kumshinda mtu yeyote na wakaondoka wameridhika.

Kundi la tatu ni KOPA, ambayo ni moyo. Hawa wamekuja kwa ajili ya watu. Kwao mchezo ni kama kibaraza au duka la mtaani: jambo ni kuzungumza, kutaniana, kufarijiana na kujuana. Mapigano yanaweza kuendelea huku wao wakiulizana habari za nyumbani.

Kundi la nne ni PAU. Karata hii kwa Kiingereza ina jina la rungu, na rungu ndilo walilobeba. Bartle aliwaita wauaji. Furaha yao ni kuwatawala wachezaji wengine, hasa kwa kuwaletea dhiki. Kumshinda mdudu wa kompyuta hakuwapi raha, kwa kuwa mdudu haumii. Wanamtaka mtu aliye upande wa pili akasirike.

Hata hivyo, mtu hafungwi katika karata moja milele. Mwaka wa 2006 mtafiti Nick Yee, aliyetumia majibu ya wachezaji 3,000, alionyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuvutwa na mafanikio, na urafiki, na ulimwengu wa mchezo wenyewe, yote kwa pamoja. Mtu aliye kopa asubuhi anaweza kuwa pau jioni akishindwa mara tatu mfululizo. Tafadhali lishike jambo hili, kwani tutalirudia.

CHUI NA SWARA

Somo kubwa la Bartle lilikuwa namna makundi haya yanavyoishi pamoja, mfano wa wanyama porini. Wauaji wakizidi, watu wa mazungumzo huhama kwanza. Wakihama, mchezo unapoteza uchangamfu na wengine nao wanawafuata. Mwishowe chui wanabaki peke yao mbugani, bila swara.

Jambo hili lilitokea kweli. Mwaka wa 1997 mchezo wa Ultima Online ulianzishwa Marekani. Mwanzilishi wake, Richard Garriott, aliingia humo akiwa mfalme kwa jina la Lord British. Mnamo Agosti mwaka huo, mchezo ukiwa bado katika majaribio, mfalme alikuja kuwahutubia raia. Kwa kawaida hakuweza kufa, lakini mitambo ilikuwa imezimika na kuwashwa upya, naye akasahau kurudisha kinga yake. Mchezaji mmoja alimrushia uchawi wa moto, na mfalme akaanguka akafa mbele ya halaiki.

Wengi walicheka, lakini raia wa kawaida hawakucheka siku zilizofuata. Mchezo ulimpa kila mtu uhuru, na nje ya miji wachezaji wapya waliviziwa, wakauawa na kuporwa kila walichokuwa nacho. Wengi waliacha kucheza. Mwaka wa 2000 wenye mchezo waligawa ulimwengu wao mara mbili: Felucca, palipobaki na sheria ya zamani, na Trammel, ambapo huwezi kumshambulia mtu asiyekubali. Wachezaji wengi walihamia Trammel, na wauaji wakabaki wakilalamika kwamba hawana wa kuwaua.

SIKU TAUNI ILIPOINGIA

Kisa cha pili kiliwashangaza hata madaktari. Mnamo Septemba 13, 2005, mchezo maarufu wa World of Warcraft ulifungua hekalu jipya lililolindwa na joka la kutisha liitwalo Hakkar. Joka hilo liliwaambukiza washambulizi wake ugonjwa wa damu, ambao ulimrukia yeyote aliyekuwa karibu. Watengenezaji walikusudia ugonjwa huo uishie mle hekaluni.

Haukuishia humo. Baadhi ya wachezaji walikuwa na wanyama wa kufuga walioambukizwa. Waliwaficha, wakasafiri hadi mjini, wakawaita tena. Tauni ikalipuka sokoni. Wenye nguvu walistahimili, lakini wachezaji wachanga walikufa kwa sekunde chache tu. Wahusika wa kompyuta, wale wauzaji na walinzi wasiokufa, waliubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili na wakawaambukiza wapita njia. Mitaa ya miji ilijaa mifupa.

Hapo kila mtu alionyesha karata yake. Waliokuwa na uwezo wa kuponya walikimbilia mjini kuwatibu wasiowajua. Wengine walitorokea mashambani. Wengine walikuja kutazama tu, wakafa kwa udadisi wao. Na kulikuwa na wale walioambukizwa wakaenda makusudi penye umati ili waueneze. Kampuni ilijaribu kutenga maeneo, ikashindwa, na hatimaye ikalazimika kubadilisha programu yenyewe.

Mwaka wa 2007 wataalamu Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu tukio hilo katika jarida la kitabibu la The Lancet Infectious Diseases, wakisema lingeweza kuwafunza wanasayansi namna watu wanavyotenda wakati wa mlipuko. Korona ilipoingia mwaka wa 2020, tukio hilo lilikumbukwa tena. Wauguzi waliojitolea, waliokimbilia mashambani na waliopuuza maonyo, wote tuliwaona kwa macho yetu.

SHERIA HUFUNZA ADABU

Je, wabaya huwa wabaya tu? La hasha. Umbo la mchezo linachangia.

Mwaka wa 2012 ulitolewa mchezo uitwao Journey, ambapo watu wawili wasiojuana husafiri pamoja jangwani wakielekea mlimani. Katika majaribio ya mwanzo, wachezaji waliweza kusukumana. Walitarajiwa kusaidiana, lakini walisukumana magengeni. Watengenezaji, wakiongozwa na Jenova Chen, waliondoa uwezo huo. Badala yake, wawili hao wakigusana kila mmoja humwongezea mwenzake nguvu. Vile vile hawawezi kuandikiana wala kusema, ila kutoa mlio kama wa ndege. Watu wale wale waliosukumana wakawa wanangojana njiani.

Wazazi na walimu wanalijua hili bila kufundishwa. Watoto waliogombania mpira mmoja mchana kutwa, ukiwapa mzigo usiobebeka ila kwa mikono minne, wataubeba wakiimba.

KIJANA WA NORWAY

Kwa kaka yangu, aliyeuliza kwa nini mtu awalilie asiowajua, nina kisa kimoja.

Mats Steen alizaliwa Norway mwaka wa 1989 akiwa na maradhi ya kudhoofika kwa misuli. Alipokua alitumia kiti cha magurudumu, na katika miaka yake ya mwisho vidole vyake viliweza kusogea kidogo tu. Muda mwingi aliutumia katika World of Warcraft. Wazazi wake walihuzunika, wakidhani mtoto wao anaishi maisha ya upweke.

Alifariki mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Babake, Robert, aliandika tangazo la kifo katika ukurasa wa mtandao ambao Mats alikuwa akiuandikia, akaacha anwani ya baruapepe. Barua zilianza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Katika mchezo Mats alijulikana kwa jina la Ibelin, mwanamume mwenye mbio na nguvu, na alikuwa na kundi la marafiki waliokutana kila siku. Aliwasikiliza wenye huzuni na kuwapatanisha waliokosana. Mama mmoja wa Denmark alieleza jinsi Mats alivyomsaidia kumfikia mwanawe mwenye usonji. Baadhi yao walisafiri hadi mazishini.

Wazazi hao walimzika mtoto waliyekuwa wameanza tu kumjua. Alikuwa kopa, nao hawakuwahi kuuliza.

NA SISI HAPA?

Hapa kwetu mambo haya yalishika kasi baada ya mwaka wa 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na ujumbe ulichelewa mno kwa mchezo wa kasi. Hata leo, seva ya gemu ikiwa Ulaya, amri ya mchezaji wa Nairobi huchukua muda zaidi kufika kuliko ya mwenzake aliye jirani nayo. Kuchelewa huko ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini kunatosha kumfanya wetu afe akiwa bado anajiona mzima. Ndiyo maana vijana huwa wepesi wa hasira na kusema kwa sauti kuu, "Network!"

Wengine wametokea hata kujulikana duniani. Sylvia Gathoni, aitwaye Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka wa 2018 kucheza Tekken. Lakini wasichana wengi wanaoingia katika gemu za vikosi hawathubutu kufungua kinasa sauti. Wakisikika tu kuwa ni wa kike, matusi yanaanza.

NILICHOKISIKIA

Nilimwomba kaka yangu anipe jioni moja. Simu ilitolewa kabatini, nikaketi kitandani kando ya kijana, sauti ikiwa wazi.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya kupendeza. Yule wa Mombasa alikuwa shupaza wa kweli, alijua kila pango. Yule wa Nakuru alitaka pointi. Msichana wa Dar es Salaam hakusema neno, aliandika tu, na mara mbili alirudi nyuma kumwinua kijana wetu aliyekuwa ameangushwa. Raundi ya pili walishindwa. Ya tatu walishindwa tena, na safari hii msichana alichelewa kufika.

Hapo nikasikia sauti nisiyoitarajia. Ilikuwa ya mtoto wa kaka yangu, mtoto niliyembeba mgongoni, ikimwambia binti wa watu maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Alikuwa amesahau kwamba niko pale.

Akanyamaza. Alinitazama, kisha akatazama sakafu. "Shangazi, huku ndivyo watu huongea," alisema kwa sauti ya chini. "Si kwa ubaya."

"Na yeye akikwambia hivyo ukiwa umemwinua mara mbili?"

Hakujibu. Nami nilikuwa nimeng'amua kosa letu sote. Kwa siku nzima tulikuwa tukiuliza ni nani anayecheza na mtoto wetu. Hakuna aliyeuliza mtoto wetu ni nani kwa wale wanaocheza naye.

USHAURI KWA WAZAZI

Mzazi, badala ya kuuliza tu "unacheza nini?", uliza "unacheza na nani, na unapenda nini humo?" Jibu litakuonyesha karata yake.

Pili, jua urefu wa mchezo. Raundi moja ya gemu za vikosi inaweza kufika nusu saa. Ukimwambia kijana saa moja kasoro kwamba chakula ni saa moja, ataanza raundi asiyoweza kuimaliza. Mwambie asianze nyingine baada ya saa kumi na mbili na nusu, na hapo kisingizio kimekwisha.

Tatu, hakikisha anajua kitufe cha kumnyamazisha mtukanaji na cha kumshtaki. Vile vile ajue kwamba jina lake kamili, shule yake, picha zake na nambari ya simu havihusiani na mchezo wowote. Mchezaji anayevidai, au anayeomba fedha, hatafuti mchezo.

Nne, na hili ndilo kubwa, keti siku moja usikilize. Usiwasikilize wageni peke yao. Msikilize na wako.

Kaka yangu alilegeza hukumu yake. Sasa simu hutoka kabatini Jumamosi na Jumapili, kwa saa mbili, na sauti huwa wazi sebuleni. Kijana alimwandikia yule msichana kuomba radhi. Ilichukua majuma mawili kabla ya kurudi katika kikosi.

Jumapili iliyopita nilikuwepo. Walishindwa, tena vibaya, na msichana ndiye aliyekosea. Sote sebuleni tuliacha kutafuna, tukingoja. Kijana alivuta pumzi, akabonyeza kinasa sauti, akasema, "Pole, dada. Twende tena."

Kisha akaangalia saa ukutani, akaghairi, akaja mezani chapati zikiwa bado moto. Kinasa sauti cha Dar es Salaam, hata hivyo, hakijafunguliwa hadi leo.